Balozi Aliyekuwa Waziri Mkuu

Balozi ni mtu atumwaye na serikali yake kukaa katika nchi nyingine, awe kinywa na masikio ya nchi yake huko. Hana askari wala hazina. Silaha yake ni maneno. Watu wengi huidhani kuwa kazi ya wazee, lakini Salim Ahmed Salim, aliyezaliwa kisiwani Pemba mwaka 1942, alipewa ubalozi wa Misri mwaka 1964, naye ana umri wa miaka 22 tu.

Baadaye alipelekwa India, kisha Uchina, na mwaka 1970 akatumwa New York, penye Umoja wa Mataifa. Wakati ule kiti cha Uchina kilikaliwa na serikali ya kisiwa cha Taiwan, na serikali ya Peking ilikuwa nje. Salim alikuwa mmoja wa mabalozi walioshika sana shauri la kuiingiza. Tarehe 25 Oktoba 1971 wakashinda kwa kura, na wajumbe wa Tanzania wakashangilia. Marekani, iliyopinga shauri lile, haikupendezwa.

Mwaka 1981 Salim aliomba kuwa Katibu Mkuu wa Umoja huo. Katibu hupendekezwa na Baraza la Usalama lenye wajumbe 15. Na kila moja la mataifa matano makubwa laweza kumkataa mtu kwa kura yake peke yake, hata wengine wote wakimtaka. Katika kura ya kwanza Salim alipata 11, na Kurt Waldheim wa Austria 10. Lakini Marekani ilimkataa Salim, na Uchina ikamkataa Waldheim. Kura zikarudiwa mara nyingi bila mshindi, hata wote wawili wakajitoa, na kiti akapewa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu wa Tanzania, Edward Sokoine, alikufa kwa ajali ya motakaa akitoka Dodoma. Siku chache baadaye Rais Nyerere alimpa Salim, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, kazi ile. Haukuwa urithi mwepesi. Marehemu alipendwa kwa kuwaandama walanguzi, na madukani vitu vilikuwa haba. Basi mtu aliyezoea mashauri ya mataifa sasa alikabiliwa na habari za sukari na sabuni. Aliishika kazi hiyo hata Novemba 1985.

Mwaka 1989 nchi za Afrika zilimchagua kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wao, akakaa Addis Ababa hata mwaka 2001.