Zoezi la Kuhitimisha Hesabu za Fedha

Mwanafunzi wa shahada ya uhasibu, afikapo mwaka wa mwisho, hupewa kozi isiyomfundisha kanuni mpya. Hukabidhiwa habari za biashara nzima ili aandae hesabu zake, azichambue, kisha atoe ushauri na kuutetea. Shabaha ni kuunganisha aliyojifunza vipande vipande. Twaona njia hiyo yafaa hata darasa la saba.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shule yenye mikorosho hapa Lukuledi imepeleka kilo 200 katika chama cha ushirika. Bei ni sh. 2,000 kwa kilo, na makato sh. 200 kwa kilo. Salfa na magunia vimelipiwa sh. 80,000. Chama kimekwisha kulipa sh. 300,000.

Wanafunzi waandike daftari la fedha, kisha hesabu ya mapato na matumizi. Wataona kuwa ziada ni sh. 280,000, lakini fedha iliyomo mkononi ni sh. 220,000. Mwalimu asiharakishe kueleza, aulize, "Sh. 60,000 ziko wapi?" Atakayejibu kwamba shule bado inakidai chama, na akaonyesha hivyo kwa maandishi, amehitimu.

Zoezi hili lina uzito nje ya darasa. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa korosho mwaka 2007, mkulima alianza kukabidhi mazao, akalipwa sehemu kwanza na salio baada ya mnada. Mtoto ajuaye kuisoma stakabadhi humsaidia mzazi kujua haki yake.