Mkaratusi Haufichi Korona

Nimeulizwa tena, safari hii na jamaa za mgonjwa anayesubiri upasuaji. Hakohoi, hana homa, chakula anakula vizuri. Je, wamfukize kwa majani ya mkaratusi usiku, ili kesho kijiti cha puani cha kupimia korona kitoke safi? Hapana. Na swali hili nimechoka nalo tangu 2020.

Najua linakotoka. Huku Kapkatet mkaratusi hautafutwi: viwanda vya chai vimeupanda ekari kwa ekari uwe kuni za boila. Majani ni ya bure, sufuria ipo, blanketi lipo. Kinachokosekana ni kuelewa kijiti kinatafuta nini.

Kipimo cha PCR, ambacho kijiti hicho huchukuliwa kwa ajili yake, hakijali kama kirusi ni hai au kimekufa. Kinatafuta vipande vya RNA yake, yaani chembe zake za urithi, kisha mashine inavirudufu mzunguko baada ya mzunguko. Kufikia mzunguko wa 40, kipande kimoja kinaweza kuwa kimezaa zaidi ya trilioni. Kwa hiyo hata kama mvuke ungeua kila kirusi puani, mabaki yake yangesomwa vilevile. Ndiyo maana aliyepona kitambo anaweza kutoa jibu chanya kwa wiki kadhaa, pengine miezi mitatu, na haambukizi mtu.

Wala mvuke hauui. Maabara inayotaka kukiangamiza kirusi hiki kwa joto huiweka sampuli kwenye nyuzi 56 kwa dakika 30. Ipe pua yako joto hilo kwa muda huo, utando wake utaungua, na kirusi kilichokwisha kuingia ndani ya seli, tena huko chini kooni na mapafuni, hakitakuwa na habari. Ule mvuke unaoweza kuuvumilia umeshapoa. Pua inazibuka, sikatai; lakini kuzibuka si kupona. Hatari yenyewe iko kwenye sufuria: maji yanayotokota, mgonjwa dhaifu chini ya blanketi, mtoto anapita. Akiungua, upasuaji mliokuwa mkiuwania unaahirishwa.

Kuna atakayenikumbusha Mei 2020, Rais John Magufuli wa Tanzania aliposema sampuli za papai na mbuzi zimetoka na korona. Sawa, hiyo ni hoja kuhusu utendaji wa maabara. Haikuigeuza nyungu, yaani kujifukiza, kuwa dawa.

Swali la maana, ambalo haliulizwi, ni kama asiye na dalili ana haja ya kupimwa. Mwaka 2020 ilikuwa na mantiki. Watafiti wa Kilifi walipima damu ya wachangiaji zaidi ya 3,000 kati ya Aprili na Juni mwaka huo, watu waliojiona wazima, na wakakadiria kuwa asilimia 4.3 ya Wakenya wa umri wao walikuwa tayari na kingamwili. Chanjo hazikuwepo. Lakini Desemba 2022 jumuiya ya SHEA ya Marekani, ya wataalamu wa maambukizi ya hospitalini, ilishauri kuacha kumpima kila anayelazwa bila dalili: upasuaji unacheleweshwa kwa sababu ya mabaki ya kirusi, na jibu hasi linawafanya watu wavue barakoa mapema. Nakubaliana nao, hasa kwa hospitali inayohesabu glavu.

Basi fanyeni hivi. Mwambieni muuguzi ukweli kama kuna anayekohoa nyumbani. Mwenye mafua asije kumwona mgonjwa. Akilazimika, avae barakoa. Madirisha ya wodi yafunguliwe, hata kwa baridi yetu ya asubuhi. Wazee na wenye magonjwa sugu wapate chanjo. Mwenye dalili apimwe mara moja. Kipimo cha antijeni hutoa jibu ndani ya nusu saa, ingawa hasi yake si ya kuapia. Anayeenda wodi ya walio na kinga dhaifu, kama wa tibakemikali, daktari wake ndiye ataamua. Na mgonjwa akianza kukohoa siku ya tatu wodini, apimwe upya, hata kama alipolazwa aliambiwa hana kitu.