Chupa Ina Mwenyewe

Ndugu zangu, kila wiki hapa Silver Spring nasukuma mapipa mawili mpaka kando ya barabara: moja la makaratasi na maboksi, jingine la chupa na makopo. Juzi mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, maboksi haya yametoka kiwandani. Mbona tunalipa sisi kuyaondoa?" Maana gharama ya takataka huja ndani ya hati ya kodi ya nyumba.

Nikamsimulia habari za Tanga. Nilipotumwa soda, mwenye duka aliuliza kwanza, "Chupa iko wapi?" Huna chupa, weka pesa ya chupa. Chupa ilikuwa mali ya kiwanda; ilirudi ndani ya kreti, ikaoshwa, ikajazwa tena. Chupa ikionekana mtaroni, sisi watoto tuliigombania. Halafu ikaja plastiki isiyo na mwenyewe, na mitaro ikaziba.

Sasa busara ile ya dukani inarudi kwa njia ya sheria. Ujerumani ilianza mwaka 1991 kuwadai wenye viwanda gharama za vifungashio vyao. Hapa Marekani, Maine ilitangulia mwaka 2021. Kwetu Afrika ya Mashariki, Kenya iliandika wajibu huo katika sheria yake ya takataka ya mwaka 2022. Na mwezi Mei 2025 Gavana Wes Moore alitia sahihi sheria ya Maryland inayohusu vifungashio na makaratasi.

Utaratibu wenyewe ni huu. Makampuni hujiunga katika chama kimoja na kulipa ada kwa kadiri ya vitu wanavyoingiza sokoni. Kifungashio kinachotengenezwa upya kwa urahisi hulipiwa kidogo. Kile kigumu hulipiwa zaidi. Fedha hizo zitarudishiwa wilaya zinazokusanya takataka, kuanzia nusu ya gharama na kupanda hatua kwa hatua mpaka asilimia 90. Wafanyabiashara wadogo wamesamehewa, kwa hiyo jamaa zetu wanaofunga bizari na majani ya chai nyumbani wasiwe na hofu.

Wapo wanaosema makampuni yatapandisha bei, na sisi ndio tutakaolipa. Huenda yakajaribu. Lakini leo tunalipa sote sawa, anayenunua kidogo na anayenunua kwa fujo, na mwenye kiwanda hana sababu ya kupunguza hata karatasi moja. Akilipa yeye, atafikiri kabla ya kufunga sabuni moja ndani ya boksi tatu.

Sheria hii haituondolei wajibu wetu. Takataka za Montgomery zilianza kuchomwa Dickerson mwaka 1995, na moshi haubagui mtaa. Basi tuoshe makopo, tukunje maboksi, na wenye kura tuwafuatilie wawakilishi wetu sheria isilale kabatini. Ndugu wa Virginia na wa D.C., nanyi waulizeni wenu. Mchuma janga hula na wa kwao.

Mjukuu wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Babu, pesa ya chupa ilikuwa kiasi gani?" Nikamwambia ilitosha kununua ubuyu.