Betri ya Simu Haihitaji Kuzoezwa

"Simu mpya niichaji masaa mangapi kabla ya kuiwasha?" Hata dakika moja si lazima. Iwashe, uitumie. Swali hili haliishi kwa sababu baadhi ya wauzaji bado husambaza ushauri wa zamani: ichaji masaa manane ikiwa imezimwa, itumie mpaka izime yenyewe, rudia mara tatu, eti betri izoee.

Betri haizoei kitu. Ushauri huo ni wa enzi za betri za nikeli na kadimiamu, ambazo zikichajiwa tena na tena kabla ya kwisha ziliweza kupoteza sehemu ya uwezo wake. Sony ilianza kuuza betri za lithiamu-ioni, aina iliyomo kwenye simu za leo, mwaka 1991. Hata Nokia 1100 ya mwaka 2003, kitochi cha aina ambayo Wakenya huiita mulika mwizi, ilikuwa na lithiamu. Yaani ushauri ulishapitwa na wakati kabla wengi wetu hatujashika simu yetu ya kwanza!

Hayo masaa manane hayana kazi. Betri ikikaribia volti yake ya juu, 4.2 hivi au 4.4 kulingana na aina, saketi ya kuchaji hupunguza mkondo mpaka kuukata. Simu iliyojaa kwa saa mbili haiongezi chochote katika sita zilizobaki. Asiyeamini achomeke kipima umeme cha USB kati ya chaja na waya, atazame ampea zikishuka.

Kuikausha mpaka sifuri ndiko kunakoniudhi, kwa sababu kunaharibu. Lithiamu huchakaa haraka zaidi ikipelekwa kutoka 100 hadi 0 kila mara kuliko ikitumika katikati. Ikiachwa imezima kwa muda mrefu, volti huendelea kushuka. Ikishuka kupita kiasi, shaba iliyomo ndani huanza kuyeyuka, na saketi ya ulinzi inaweza kukataa chaji kabisa.

"Lakini mimi niliikausha, ikapona." Haikupona. Asilimia unayoiona ni makadirio ya chipu inayohesabu umeme unaoingia na kutoka, na hesabu hiyo hupotoka kidogo kidogo. Ukiimaliza chaji kisha ukaijaza, chipu hupata upya mwanzo na mwisho wa kuhesabia. Kilichorekebishwa ni kipimo. Uwezo wa betri uko palepale. Wapenda majaribio wasakinishe AccuBattery kwenye Android, wachaji kutoka 20 hadi 80 mara kadhaa na kuandika uwezo inaoukadiria, waikaushe wanavyotaka, kisha wapime tena kwa namna ileile. Hakuna uwezo mpya utakaozaliwa.

Kingine kinachoua betri ni joto: dashibodi ya gari juani, gemu huku unachaji, simu chini ya mto usiku kucha. Basi, ili betri itumike katikati, washa kikomo cha kuchaji cha asilimia 80, kipo kwenye iPhone 15 na zilizofuata na kwenye simu nyingi za Android. Vua kava ikipata moto ukiichaji. Simu ya akiba ihifadhi ikiwa na 50 hivi, na si kwenye friji, maana unyevu utaingia. Betri iliyovimba usiitoboe kamwe: zima simu, acha kuichaji, ipeleke ikabadilishwe. Na fundi akikuambia ataiboosti betri inayoisha haraka, hiyo huamsha tu betri iliyoshuka volti kupita kiasi. Iliyochakaa hairudishiwi uwezo. Pesa hiyo iweke kwenye betri mpya.