Mzigo ukipungua dukani, usimrukie msaidizi wako kwanza

Leo tuongee kuhusu kuaminiana na watu tunaofanya nao kazi. Wengi wetu tulianza peke yetu na simu moja, picha unapiga mwenyewe, meseji unajibu mwenyewe, mzigo unafunga mwenyewe. Shida inaanza oda zikiongezeka. Unachukua mtu wa kujibu wateja, unapata boda wako wa kudumu, na mdogo wako anakuja kusaidia kufunga mizigo. Hapo tayari mko wanne, na pesa inapita mikononi mwa watu wote hao.

Mimi nauza viatu vya kike. Mwaka juzi nilihesabu stoku nikakuta pea 7 hazipo. Pea moja nilikuwa nauza 18,000, kwa hiyo ni 126,000. Kuna duka ambalo hiyo ni hela ya chai tu, ila kwangu ilikuwa karibu kodi ya fremu ya mwezi. Nikamuita yule dada aliyekuwa ananisaidia, nikamuuliza, "Mdogo wangu, viatu viko wapi?" Akajibu, "Dada, mimi sijui, kila nilichotoa nilikuambia." Sikumuamini. Sikumfukuza, ila nikaanza kumkagua begi kila jioni. Wiki ya pili akaaga, akasema anaenda kumuuguza mama yake.

Mwezi uliofuata nilikuwa natafuta muamala wa mteja mmoja kwenye simu yangu, ndiyo nikaanza kuona mambo. Pea 3 niliuza mwenyewe Jumapili kupitia status, pesa ikaingia kwenye namba yangu binafsi, ikaliwa nyumbani. Pea 2 nilimbadilishia mteja wa Mwanza aliyesema namba ni ndogo, nikamtumia nyingine, na zile alizorudisha zilikuwa bado ziko ofisi ya basi, sijaenda kuzichukua. Pea 2 nilimpa binamu yangu siku ya sendofu. Piga hesabu: 3 na 2 na 2. Hakukuwa na mwizi. Kulikuwa na bosi asiyeandika.

Baada ya hapo nikaanza kusoma soma mitandaoni kuhusu hili jambo. Nikakutana na wasomi watatu wa Marekani, Roger Mayer, James Davis na David Schoorman, ambao mwaka 1995 waliandika kwamba tunapomwamini mtu tunaangalia vitu vitatu: uwezo wake wa kufanya hiyo kazi, kama anakutakia mema, na kama ana msimamo wa ukweli. Kwangu hii ilikuwa msaada mkubwa, maana sisi tunasema tu "huyu simwamini" bila kujua ni kipi hasa tunachotilia shaka.

Angalia watu wako sasa. Boda wako anaweza kuwa mkweli kabisa lakini hesabu zinamshinda, akipita kwa wateja 6 wanaolipa taslimu, jioni anachanganyikiwa. Huyo ukimwita mwizi unamwonea, dawa yake ni karatasi yenye jina la mteja na kiasi anachopaswa kupokea. Mwingine ana uwezo, anajibu wateja haraka na kwa lugha nzuri, ila mteja akiuliza "mzigo umeshatoka?" anasema ndiyo wakati bado uko kwenye kona umefungwa nusu. Huyo tatizo lake ni ukweli, na ukimpeleka kujifunza zaidi hutapona. Na yule anayefanya kazi vizuri na hasemi uongo, ila akiona mvua inanyeshea mzigo anasubiri umwambie autoe, huyo bado hajaona kama duka linamhusu. Mara nyingi hapo kosa ni letu.

Sasa utajuaje timu yako imefikia wapi? Kipimo ninachotumia mimi ni habari mbaya. Jiulize, mwezi huu ni mara ngapi mtu wako amekuja kukuambia "dada, nimekosea" kabla hujaona mwenyewe? Kama jibu ni sifuri, usifurahi. Hakuna mtu anayefunga mizigo mwezi mzima asikosee saizi hata moja. Amy Edmondson wa Harvard, miaka ya 1990, alichunguza makosa ya dawa kwenye wodi za hospitali. Alitegemea timu zinazoelewana vizuri ziwe na makosa machache. Ikatokea kinyume, ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Maelezo yake ni kwamba haikuwa lazima wanakosea kuliko wenzao, ila walikuwa hawaogopi kusema. Wodi zenye wakali watu walikuwa wanakaa kimya.

Mimi nilikuwa mkali. Msaidizi akisema ametuma rangi nyeusi badala ya kahawia, nilikuwa naongea mpaka majirani wa fremu wanasikia. Kwa nini aje kuniambia tena? Siku hizi tumekubaliana hivi: kosa lililosemwa siku hiyo hiyo, hasara ni ya duka, tunampigia mteja pamoja tunaomba radhi. Kosa lililofichwa nikaligundua mwenyewe, hapo tunakaa chini tunaongea kwa kirefu, na tunaloongea ni kule kuficha.

Kitu kingine, acheni ile ya kuacha elfu kumi mezani makusudi uone kama mtu ataichukua. Na mimi nilifanya. Yule dada aliiona, akaiokota, akanipa huku ananiangalia usoni. Alijua. Yaani nilipoteza zaidi ya elfu kumi siku ile.

Badala ya mitego, weka utaratibu unaomlinda kila mtu. Daftari la kutoa mzigo ndilo la kwanza, na bosi asaini kama wengine. Ukichukua pea ya kumpa shangazi, andika. Mdogo wako wa damu naye aandike. Malipo ya duka yaende kwenye lipa namba ya duka, siyo namba yako unayonunulia vocha na kutumia nyumbani, maana ukichanganya hutajua kama pesa imepungua au umeila wewe. Boda afunge hesabu kila jioni hata kama umechoka. Ukisubiri Jumamosi mtaanza kubishana kuhusu mteja wa Jumanne ambaye hakuna anayemkumbuka. Kuhesabu stoku nzima ni kazi, kwa hiyo sisi tunahesabu rafu moja kila siku, watu wawili pamoja, mmoja anahesabu mwingine anaandika.

Kwenye simu, WhatsApp Business inakuruhusu kuunganisha vifaa vingine hadi 4 kwenye akaunti moja. Msaidizi anajibu kwa kifaa chake na wewe unaona mazungumzo, hakuna haja ya kumwachia simu yako. PIN ya pesa usimpe mtu yeyote, hata anayekupenda sana. Mwambie ni utaratibu kwa watu wote, asione ni yeye anayetiliwa shaka. Na majukumu yapande kidogo kidogo, kwanza kufunga, baadaye meseji, halafu pesa ndogo ya bahasha na nauli ya kupeleka mizigo stendi. Akienda vizuri mwambie kwa nini umemwongezea.

Halafu usisahau na yeye anakupima. Ulisema mshahara ni tarehe 30, ukalipa tarehe 6 huku kwenye status unaonyesha mzigo mpya umeingia. Unafikiri hajaona? Kama hela haijapatikana mwambie tarehe 28, usisubiri aulize.

Yule dada nilimpigia simu. Nilimweleza pea zote 7 zilipokwenda, moja moja, nikamuomba msamaha. Alinyamaza kidogo, akasema, "Asante kwa kuniambia dada, maana mama alikuwa ananiuliza kila siku kama kweli sijachukua." Nilimuomba arudi, akasema ameshapata kazi kwenye duka lingine. Nilimtumia barua ya kumtambulisha, ndicho nilichoweza.

Daftari langu lina safu 6: tarehe, bidhaa, idadi iliyotoka, imeenda kwa nani, pesa imelipwa wapi, na saini ya aliyetoa. Anayetaka kuona nimelichoraje aniambie, nitalipiga picha.