Tegemeo au Kitegemezi? Neno Moja katika Usasishaji wa Linux

Mwalimu mmoja wa sekondari wilayani Kilosa aliniletea swali nililodhani ni la kompyuta, kumbe ni la sarufi. Katika maelezo aliyowatafsiria wanafunzi wake alikuwa ameandika: "Usiondoe vitegemezi vya programu hii." Mwanafunzi akaondoa maktaba ambayo programu hiyo huitumia. Kompyuta ikamwonya kuwa programu nayo itaondoka, akaitikia. Kuirejesha kulimgharimu mwalimu bando la wiki nzima.

Kwa maoni yangu, mwanafunzi alisoma Kiswahili sawasawa. Kishazi tegemezi ni kile kisichojitosheleza, kinachoegemea kingine. Hali kadhalika, katika fomu za bima ya afya, wategemezi ni wale wanaotunzwa. Anayewatunza ndiye tegemeo la familia. Kwa hiyo "kitegemezi cha programu" ni kitu kinachoitegemea programu, wala si kile ambacho programu inakitegemea. Mfasiri aligeuza mwelekeo wa uhusiano bila kujua.

Katika Linux mwelekeo huo ndio kiini cha kazi. Kila kifurushi (hapa sizungumzii vile vya simu) hubeba maelezo yenye jina lake, toleo lake na orodha ya mategemeo yake, pengine pamoja na toleo la chini linalokubalika. Wakati wa kusasisha, kisimamizi cha vifurushi, kama vile apt katika Debian na Ubuntu au dnf katika Fedora, huhuisha kwanza orodha ya vilivyopo katika hazina, kisha husaka mchanganyiko wa matoleo unaoridhisha masharti yote kwa pamoja. Ndipo hupakua, na kwa kawaida huandaa tegemeo kabla ya kile kinacholitegemea.

Suala la toleo ni gumu zaidi. Wakazi wa Mikumi watalielewa kwa mfano wa reli. Njia itokayo Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu ina upana wa milimita 1,000, ilhali ile ya TAZARA ina 1,067. Reli zote mbili zipo, lakini behewa la moja haliendi juu ya nyingine. Shehena sharti ihamishwe. Vivyo hivyo, maktaba yaweza kuwapo na bado isifae, kwa kuwa toleo lake silo. Hapo amri ya apt upgrade hukiacha kifurushi katika toleo la zamani kuliko kuondoa kingine kilichokwisha kusakinishwa. Amri ya apt full-upgrade, kinyume chake, huweza kuondoa, na ndiyo maana orodha yake isomwe kabla ya kuitikia.

Ipo pia apt autoremove, ambayo huondoa vifurushi vilivyoletwa kama mategemeo tu na sasa havina kinachovitegemea. Jaribu kuieleza amri hii kwa neno "kitegemezi" peke yake, nawe utakwama katika sentensi ya kwanza.

Wapo wanaolipinga neno "tegemeo" kwa hoja kwamba hubeba pia maana ya tumaini. Ni kweli, lakini sijaona muktadha wa kompyuta ambamo maana hizo mbili zingechanganywa. Katika tafsiri nashauri tegemeo (ngeli ya LI-YA) kwa kinachotegemewa, na kitegemezi (KI-VI) kwa kinachotegemea. Sentensi ya mwalimu sasa inasomeka hivi: "Usiondoe mategemeo ya programu hii."