Tairi Likipasuka Njiani, Itafutwe Sababu

Kigali ni mji wa vilima. Mwenye gari akaaye Busanza, katika Wilaya ya Kicukiro, kila siku hupanda na kuteremka, na matairi yake hubeba jamaa nzima. Tairi likipasuka ghafula, wengi husema ajali haina kinga, wakalibadilisha na kushika njia. Lakini sababu isipojulikana, tairi jipya nalo laweza kupasuka vivyo hivyo.

Kwanza gari lisimamishwe kwa salama. Dereva aushike usukani kwa mikono miwili, asikanyage breki kwa nguvu, aondoe mguu polepole kwenye mafuta, kisha alitoe gari barabarani upande wa kulia, ambao ndio wa kuendeshea nchini Rwanda.

Baadaye fundi alivue tairi kwenye ringi, nalo likaguliwe nje na ndani.

Upepo mdogo ndio adui mkubwa. Ubavu hukunjika kila gurudumu lizungukapo, joto huzidi, na nyuzi za ndani huachana na mpira. Dalili zake ni alama ya mviringo ubavuni, unga mweusi wa mpira ndani, na kingo mbili zilizolika kuliko katikati. Hapo utafutwe msumari, au valvu ivujayo. Mzigo uliopita kiasi nao huleta joto hilo hilo. Hata hivyo, tairi lililoendelea kuzunguka bila upepo baada ya kupasuka nalo huchakaa ubavu. Kwa hiyo dereva akumbuke alikwenda umbali gani kabla ya kusimama.

Ubavu ukiwa na uvimbe, au mpasuko wa ndani mfano wa herufi X, mkosaji ni shimo au jiwe. Pigo hilo huenda lilitokea siku nyingi kabla ya tairi kupasuka.

Katikati pakilika kuliko kingo, upepo ulizidi. Tairi la namna hiyo hukakamaa na kuumizwa upesi na mashimo.

Mipasuko midogo mingi ni alama ya uzee. Umri husomwa ubavuni, mwishoni mwa maandishi yaanzayo na DOT: 3519 maana yake juma la 35 la mwaka 2019. Baada ya miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka. Likitimiza 10 liondolewe, hata kama kashata zake hazijaisha.

Upepo upimwe asubuhi, gari likiwa halijatembea, kwa kufuata kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko, ambacho aghalabu huwa penye mlango wa dereva. Tairi likiwa la moto lisipunguzwe upepo, maana likipoa litapungukiwa.

Mwisho, matairi mengine matatu yasisahauliwe, wala la akiba. Yamepita njia ile ile na kubeba mzigo ule ule. Usipoziba ufa utajenga ukuta.